Mvua Niliyoifuta

Kosa langu la kwanza kubwa kazini lilikuwa kufuta mvua. Niliifuta kwenye kompyuta, kwa kidole kimoja: milimita tisini na sita zilizonyesha kwenye shamba moja la kahawa juu ya Tengeru. Pembeni nikaandika, "Kosa la msomaji." Kabla ya saa ya chai nilikuwa nimefuta nyingine kumi na moja za shamba hilo hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilijiona mtu makini kuliko wote ofisini.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii mmeniomba niwaandikie mambo ya zamani. Najua mlitaka vichekesho vya disketi na umeme unaokatika. Vipo. Lakini nimeianza barua hii mara nne, na kila mara nikianza na vichekesho naona najificha. Kwa hiyo naanza na aibu, vichekesho vitapita humo humo.

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara, mitumba ilipojaa sokoni na kila mwenye gari bovu akawa mfanyabiashara wa usafiri, ilikuja pia miradi. Mmoja ulikodi nyumba Njiro, mjini Arusha, ukaweka kompyuta mbili sebuleni, palipokuwa mahali pa makochi. Wataalamu wa nje walikuwa na modeli, yaani programu kubwa inayojaribu kuiga hewa ya dunia: joto, upepo, mawingu, mpaka mvua. Walitaka kujua kama inaziiga vizuri dhoruba za kwetu. Walituletea matokeo kwenye disketi, na sisi tukayalinganisha na mvua halisi iliyopimwa kwenye shule, misheni na mashamba makubwa kuzunguka Mlima Meru. Modeli ikisema siku fulani palikuwa na dhoruba, je, dhoruba ilikuwepo? Ikikaa kimya, je, kweli palikuwa kimya? Hiyo ndiyo kazi mnayoifanya mpaka leo, ila ninyi mnasema tabianchi na sisi tulisema hali ya hewa tu.

Mimi nilikuwa na kidato cha nne. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, chumbani kwangu Sombetini, bila kompyuta, kwa kitabu cha mtumba kisicho na jalada wala sura ya kwanza. Mpaka leo sijui sura ya kwanza ilisema nini. Mambo ya mvua nayo nilijifundisha hivyo hivyo, kwa mwongozo mwembamba niliouazima ofisini nikaunakili wote kwa mkono. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na hofu moja: kwamba siku moja ataulizwa jambo ambalo kila mtu analijua isipokuwa yeye. Nilinawa mikono kabla ya kushika disketi. Nilihakiki mara tatu kila kadi ya vipimo iliyotumwa na wasomaji wa vipima mvua. Namba ikiandikwa ovyo ovyo, niliinakili upya pembeni.

Bi. Zaituni alinicheka kuanzia wiki ya kwanza. Alikuwa mama wa makamo kutoka Kaloleni, mpiga chapa wa zamani, na ndiye aliyeingiza kadi za mvua kwenye kompyuta. Alinipa jina la Desimali.

"Desimali, kunywa chai. Namba haziendi popote."

"Namalizia hii, bibie."

"Uliniambia hivyo jana. Na chai ya jana ipo hapo hapo."

Yule mama alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote. Alishika kadi ya mwezi, akaiangalia kama mtu anayeangalia shati la mtumba, akasema palipochanika. Kituo ambacho kila namba inaishia na sifuri au tano, alisema, huyo msomaji anakadiria kwa macho akiwa mlangoni. Kituo ambacho Jumapili hainyeshi kabisa na Jumatatu inanyesha mara mbili, huyo ni Mlutheri mwema: Jumapili alikwenda ibadani, Jumatatu akapima ya siku mbili. "Na kwenu Ijumaa je?" nikamuuliza. "Kwetu tunapima kwanza halafu tunakwenda. Tuna nidhamu sisi."

Jingine nililifahamu kwa kuhangaika mwenyewe, nalo liwekeni kichwani. Msiipe modeli sifa kwa siku kavu. Arusha siku zisizo na dhoruba ni nyingi mno. Hata mimi nikilala kitandani mwaka mzima nikisema kila asubuhi "leo hakuna dhoruba", nitapata alama za kuniingiza chuo kikuu. Hesabuni siku za dhoruba zilizotokea, mwone modeli ilizikamata ngapi na ilizusha ngapi. Hilo nililijua mapema, na nilijivunia. Ndiyo maana aibu yangu ni kubwa: kipimo nilikuwa nacho sahihi, nikaharibu kilichokuwa kinapimwa.

Ilitokea hivi. Modeli ya wakati ule iliigawa dunia katika visanduku, na kisanduku kimoja kilibeba Mlima Meru, mji wa Arusha, Tengeru na tambarare yote ya chini, vikachanganywa vikawa kitu kimoja chenye mwinuko wa wastani. Ndani ya modeli mlima haukuwepo. Kwa hiyo mvua zake zilikuwa za adabu, manyunyu ya hapa na pale. Vituo vingi vya chini vilikubaliana nayo kiasi. Kituo kimoja kilikataa kabisa, kile cha shamba la kahawa. Msomaji wake aliitwa Mama Elitruda. Kadi zake zilikuwa safi, mwandiko kama umeshonwa, lakini mara kadhaa kila masika aliandika mvua kubwa za kutisha wakati kituo cha jirani, mwendo wa saa moja kwa miguu, kimeandika karibu na sifuri.

Nikaufungua mwongozo wangu. Ulisema chupa iliyo ndani ya kipima mvua inajaa kwa milimita sabini na tano. Yeye kaandika tisini na sita. Nikaona nimemkamata. Chupa ya sabini na tano itabebaje tisini na sita? Nikatunga kanuni: usomaji wowote unaozidi chupa ni wa uongo, ufutwe. Kanuni ilikuwa ya haki, niliitumia kwa vituo vyote. Ila kituo kilichozidi chupa kilikuwa kimoja tu.

Nilipopiga hesabu upya, alama za modeli zikapanda sana, kwa kuwa dhoruba ilizozikosa nilikuwa nimeziondoa. Mkuu wetu, Dakta Lema, mtu mpole mwenye mawazo ya wafadhili kichwani, akanishika bega. "Kijana, hongera. Hii ndiyo kazi." Ripoti ikaenda. Nilitembea hewani siku mbili.

Halafu, kwa kuwa mtu wa aina yangu haachi kitu nusu nusu, nikaandika barua kwa meneja wa shamba. Hakuna aliyenituma. Niliandika kwamba msomaji wa kituo chake "anabuni takwimu" na kwamba "hafai kuaminiwa na chombo cha kitaalamu." Nilirudia kuandika mpaka mwandiko ukanyooka. Neno "anabuni" nilifikiri nimelichagua kwa upole, kwa kuwa sikusema "mwongo".

Kadi za miezi iliyofuata zikaja na mwandiko mwingine, mzito, na namba za kawaida kabisa. Tano. Kumi. Sifuri. Kumi na tano. Nikamwonyesha Bi. Zaituni kwa furaha. "Umeona? Wamemweka mtu makini."

Akazipitia namba kwa kidole. "Desimali," akasema, "wewe umewahi kukishika kipima mvua?"

"Nimekisoma."

"Sikuulizi umekisoma. Umekishika?"

Sikuwa nimekishika. Mwaka na nusu nikihukumu mvua za mkoa mzima, sikuwahi kuona kipima mvua kwa macho yangu. Nilikasirika, na hasira ikanisukuma nijitolee kupeleka kadi mpya kule shambani ili nimkomeshe Bi. Zaituni.

Nilikuta uzio mdogo wa waya nyuma ya ofisi ya shamba, na mlinzi mzee aliyevaa koti la mvua juani. Nikamwamkia, shikamoo, nikamwomba anifungulie chombo. Akatoa faneli ya juu inayokinga mvua, akatoa chupa. Chupa ilikuwa imekaa ndani ya mkebe wa bati, na mkebe ulikuwa mpana, una nafasi kubwa pande zote.

"Huu mkebe wa nje ni wa nini?" nikauliza, na wakati nauliza mwili ulikuwa umeshajua.

"Si ni wa maji yakizidi chupa," akasema, akinitazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza sufuria ni ya nini. "Yanamwagikia humu. Mama alikuwa anapima ya chupa, halafu anapima na ya humu, anajumlisha. Sasa wamenipa mimi, nami siwezi, macho mabovu. Naangalia tu."

"Mama yupi?"

"Mama Elitruda. Marehemu mumewe alikuwa karani hapa, akamwachia hii kazi. Walimtoa. Ilikuja barua kutoka kwa wakubwa wa mjini kwamba anadanganya mvua." Akashusha sauti. "Shamba linauzwa, meneja alikuwa anatafuta wa kupunguza. Akaisoma ile barua asubuhi ya kugawa kazi, watu wote wamesimama. Akasema, mkitaka kujua mtu wa kuanza naye, huyu hapa."

Daftari lake lilikuwa bado kwenye droo ya ofisi. Nililifungua kwenye siku ya zile milimita tisini na sita. Glasi ya kupimia inachukua milimita kumi kwa mara moja, kwa hiyo kila glasi iliyojaa alichora kijiti, asipoteze hesabu. Vijiti tisa, halafu milimita sita. Chini ameandika: "Mvua ya mawe kuanzia saa tisa alasiri. Vitalu vya miche vimeharibika. Chupa imezidi, nimepima na ya nje." Alikuwa ameandika kila kitu. Kwenye kadi zilizokuja mjini hapakuwa na nafasi ya maelezo, ilikuwepo nafasi ya namba tu.

Niliambiwa anauza nyanya soko la Tengeru. Jumamosi iliyofuata nikaenda, nikamwona: mama mwembamba wa miaka kama hamsini, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anapanga nyanya kwa mafungu yaliyolingana kabisa. Nikasimama mbele yake nimebeba maneno yote. Nikasema, "Naomba mafungu mawili." Nikalipa, nikaondoka.

Jumamosi ya pili nikanunua mafungu matatu. Ya tatu, manne. Ofisini Bi. Zaituni aliukuta mfuko chini ya meza yangu.

"Unafungua genge la nyanya?"

Ndipo nikamweleza. Nilitegemea atanitetea kidogo, aseme nilikuwa kijana, mwongozo haukuwa kamili. Hakusema. Aliweka kikombe chini akaniambia, "Ile barua uliandika bila kutumwa. Basi na hii usingoje kutumwa."

Jumamosi ya nne nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, baba," nami nikasema jina langu na kwamba mimi ndiye niliyeandika barua, na kwamba mvua zake zote zilikuwa za kweli, na kwamba namwomba msamaha. Nilisema haraka haraka kama mtoto anayekariri shairi.

Hakushtuka. "Nilijua una lako tangu siku ya kwanza," akasema. "Mtu wa kawaida huomba punguzo."

"Nisamehe, mama."

"Barua yako ilisomwa wapi?"

"Shambani. Mbele ya watu."

"Watu wale nasali nao. Ninapokwenda kisimani wananyamaza. Binti yangu ameulizwa shuleni kama mama yake anatengeneza mvua." Aliokota nyanya moja iliyoharibika akaitupa pembeni. "Halafu wewe samahani unaniletea hapa, kwenye nyanya, sikioni? Kesho kuna ibada saa tatu. Baada ya ibada kuna mnada. Njoo useme pale."

Kwa wasiojua, makanisa ya huko mlimani baada ya ibada huwa na mnada wa sadaka. Asiye na fedha ametoa ndizi, mayai au kuku, na vitu hivyo vinauzwa hapo nje, washarika wamezunguka, wanataniana. Nilikaa benchi la nyuma ibada nzima. Mnada ulipoanza, mzee wa kanisa alikuwa ameinua jogoo mwekundu juu. Niliogopa kwamba nikingoja zaidi nitakimbia, kwa hiyo nikanyoosha mkono kuomba kusema.

"Kijana wa mjini ameongeza!" mzee akapiga kelele. "Nani zaidi yake?"

"Hapana, mzee, mimi nataka..."

"Anataka! Amesema mwenyewe anataka! Mpeni jogoo wake!"

Watu wakacheka mpaka wakapiga makofi. Nikapokea jogoo, maana sikujua la kufanya, nikamshika kwapani, na katika hali hiyo nikasema. Nilisema mimi ndiye niliyeandika barua. Nilisema sikujua kipima mvua kilivyotengenezwa, nikamhukumu aliyejua. Nilisema Mama Elitruda hakubuni hata tone. Jogoo alikuwa ananipiga mbawa ubavuni na hakuna aliyecheka tena.

Halafu bibi mmoja mwenye kanga mbili akauliza, "Kwa hiyo unasema ile mvua ya mawe ilinyesha?"

"Ndiyo, bibi. Ilinyesha."

"Sisi tunajua ilinyesha, baba. Ilituangushia migomba yote ya bondeni. Ulikuwa hujui wapi pa kuuliza?"

Hakunitukana, na mpaka leo hakuna tusi nililowahi kupewa lililonichoma kuliko swali lile. Kijiji kizima kilikuwa kimelowa. Ningemuuliza mtu yeyote, hata muuza maziwa aliyepita Njiro kila asubuhi akitokea huko huko juu.

Mama Elitruda alinisogelea. Nilifikiri atanipa mkono. "Asante," akasema. "Sasa chukua jogoo wako uende." Kama alinisamehe, hakuniambia, nami sikuthubutu kumuuliza.

Jumatatu nilizirudisha mvua zote kumi na mbili na kupiga hesabu upya. Alama za modeli zikaporomoka. Dhoruba za mteremko wa Meru ilikuwa haizioni kabisa, na hizo ndizo zinazobomoa mifereji na kuua miche, hizo ndizo watu walizotaka kuonywa. Dakta Lema alikaa na karatasi zangu mchana kutwa.

"Unajua ripoti imeshakwenda," akasema.

"Najua."

"Unajua wanaweza kutufungia mradi."

"Najua, Dakta. Lakini ile niliyokupa siku ile ilikuwa ya uongo, na aliyeitwa mwongo ni mtu mwingine."

Alituma marekebisho, kurasa mbili zenye jina langu chini. Mradi haukufungwa. Wale wataalamu wa nje waliandika kwamba kurasa hizo mbili zimewafaa kuliko ripoti nzima, kwa kuwa sasa walijua modeli inashindwa wapi. Wakanisifu kwa umakini. Niliikunja barua ile nikaiweka mfukoni, na sikumwonyesha mtu.

Nilimwandikia meneja pia, mara tatu. Alikuwa ameshaondoka. Mmiliki mpya alikuwa anang'oa kahawa apande maua ya kusafirisha nje, na kipima mvua kiling'olewa pamoja na uzio wake. Mkifungua kumbukumbu za kituo kile leo mtaona mvua ya kila siku kwa miaka mingi, halafu miezi michache ya sifuri na tano, halafu nafasi tupu mpaka mwisho. Nimeona kwenye jedwali lenu mmeandika "sababu haijulikani". Tafadhali sahihisheni. Andikeni jina langu, Filbert.

Yaliyobadilika tangu wakati ule ni haya. Usomaji wa ajabu haufutwi tena, unawekewa alama na kubaki mahali pake, na kabla ya alama mtu anampigia simu msomaji. Kadi zina nafasi ya maelezo. Visanduku vya modeli ni vidogo, na Mlima Meru umo ndani. Kila anayeajiriwa kukaa kwenye kompyuta hupelekwa kwanza kituoni akapime mvua kwa mikono yake. Mama Elitruda aliuza nyanya mpaka alipofariki, na kazi yake hakurudishiwa.